Asili ya Neno "School" na Nafasi ya Mwanafunzi

Maneno yana asili kama watu walivyo na asili. Yana mahali pa kuzaliwa, yana ndugu na jamaa, husafiri, hukaa ugenini, na mengine husahau kabisa yalikotoka. Tena neno litumikalo kila siku ndilo aghalabu lisiloulizwa habari zake. Mtu akaaye ukingoni mwa mto haulizi chemchemi iko wapi, maadamu mtungi wake wajaa.

Hivyo ndivyo lilivyo neno la Kiingereza "school". Mtoto wa Lugulu hulisikia tangu miaka yake ya kwanza. Hulisoma juu ya kibao langoni, hulivaa kifuani katika sweta yake, na huliandika juu ya kila daftari. Ukimwuliza maana yake atakujibu bila kusita kwamba ni mahali watoto wanapofundishwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili imo katika historia, nami nakualika, msomaji, tuifuate pamoja mpaka ilipoanzia. Maana aijuaye nusu hiyo hatakaa tena darasani kama alivyokaa jana.

Neno hili lilizaliwa katika nchi ya Wayunani wa kale, katika lugha iliyosemwa mjini Athens zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Kwao lilitamkwa "skhole". Nalo halikuwa jina la nyumba, wala la mwalimu, wala la kitabu. Maana yake ya kwanza ilikuwa mapumziko: wakati ambao mtu amekuwa huru na kazi za lazima, hakuna amtumaye wala amshurutishaye, na saa zake ni mali yake mwenyewe. Kinyume chake waliita "askholia", yaani kukosa skhole, na hilo ndilo lililokuwa jina la shughuli na kazi. Angalia ajabu ya lugha yao. Sisi tukimwona mtu asiye na shughuli tunasema amekosa kazi. Wao walipomwona mtu mwenye shughuli walisema amekosa mapumziko.

Pengine hapa utacheka. Utasema, "Mwalimu, shule na mapumziko vimekutana wapi? Mimi huamshwa na kengele kabla ya jogoo wa pili. Nina masomo asubuhi, masomo mchana, na usiku nina kazi ya kuandika. Kama hayo ndiyo mapumziko, basi taabu yenyewe ikoje?" Swali hilo ni halali, na jibu lake ndilo kiini cha insha hii.

Wayunani waliuliza hivi: mtu akiisha kupata wakati wake mwenyewe, aufanyie nini? Anaweza kulala. Lakini usingizi ni wa kurudisha nguvu ili mtu afanye kazi tena kesho. Usingizi ni mtumishi wa kazi. Anaweza kucheza, na mchezo pia mwisho wake humrudisha kazini. Wenye hekima miongoni mwao waliona kwamba matumizi bora ya wakati huru ni kukaa na wenzako mkachunguza jambo kwa ajili ya kulijua: nyota zinakwendaje, haki ni nini, mji mwema uongozweje. Aristotle, aliyefundisha mjini Athens tangu mwaka 335 kabla ya Kristo, alieleza kwamba tunafanya kazi ili tupate mapumziko, kama vile tunavyopigana vita ili tupate amani. Basi polepole neno "skhole" likahama. Kwanza lilikuwa wakati huru. Kisha likawa mazungumzo yanayofanywa katika wakati huo. Kisha likawa watu wanaokutana kwa mazungumzo hayo. Mwisho likawa mahali wanapokutania. Nyumba ilichukua jina la wakati.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina neno linalolingana na lile la Wayunani kwa namna ya kushangaza, nalo ni "nafasi". Mtu akikualika nawe una shughuli, wamjibu, "Sina nafasi." Hapo nafasi ni wakati huru, na ndiyo skhole hasa. Lakini mtoto akipokewa katika shule ya sekondari twasema, "Amepata nafasi." Hapo nafasi ni pahali pa kukaa na kusoma. Neno moja limebeba wakati na mahali pamoja, kama lilivyofanya la Wayunani. Nalo limetoka katika Kiarabu, ambamo "nafas" ni pumzi. Mwenye nafasi ni mtu aliyepata pa kuvutia pumzi. Lishike neno hili, msomaji, maana tutalihitaji mpaka mwisho wa safari.

Safari yenyewe ilikwenda hivi. Warumi walipojifunza elimu ya Wayunani walilichukua neno wakaliita "schola". Kilatini cha Kirumi kilienea Ulaya pamoja na majeshi, sheria na Kanisa, na kila taifa likalikata neno kwa kipimo cha ulimi wake. Wafaransa walifanya "école", Wareno "escola", Wadachi wa Ujerumani "Schule". Waingereza walikuwa nalo hata kabla ya kushindwa na Wanormani mwaka 1066, wakiliandika "scol". Herufi ya "h" iliyomo leo ilirudishwa baadaye na wasomi waliotaka watu waone asili yake ya Kilatini na Kiyunani. Ndiyo sababu "ch" ya neno hili husomwa kama "k", jambo linalowasumbua wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza. Herufi hiyo ni kovu la safari: haisikiki, lakini yaonyesha neno lilikopita.

Kabla halijafika kwetu, je, hapakuwa na shule? Jina halikuwapo, bali jambo lilikuwapo. Pwani palikuwa na chuo. Katika Kiswahili cha kale chuo kilikuwa kitabu. Kisha kikawa mahali kitabu kisomwapo, na mtu wa elimu akaitwa mwanachuoni. Palikuwa na madrasa, neno la Kiarabu ambalo ni ndugu wa darasa. Palikuwa na unyago, ambamo mwari alifundwa na somo wake, na tazama kuwa hata leo neno "somo" ni jina la fundisho na ni jina la mwanamke mfundaji.

Hapa kwetu Bungoma, Wabukusu wametahiri vijana wao kwa vizazi vingi, na hata sasa hufanya hivyo mwezi wa Agosti katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Kijana akiisha kutahiriwa hukaa na wenzake mpaka apone. Katika siku hizo hatumwi shambani wala hachungi ng'ombe; jamaa humlisha, na wazee humfundisha mwenendo wa mtu mzima na wajibu wake kwa rika lake. Fikiri, msomaji: kijana aliyefunguliwa kazi ili afundishwe. Myunani wa kale angalipita hapo angaliita jambo hilo skhole pasipo shaka yoyote. Hata kalenda yetu yaonyesha udugu huo, kwa maana shule ya vitabu ifungwapo kwa likizo ya Agosti ndipo shule ile nyingine inapofunguliwa.

Neno la Ulaya lilipotua Afrika ya Mashariki, lilitua kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Wajerumani. Mwaka 1892 shule ya serikali ilifunguliwa Tanga, na kutokana na "Schule" yao Waswahili wakapata "shule", kama walivyopata "hela" kutoka sarafu ya Kijerumani iliyoitwa Heller. Utawala wa Wajerumani ulikwisha kwa Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918, lakini neno lao halikuondoka pamoja na bendera. Lilivuka mpaka likaingia Kenya, nchi ambayo haikutawaliwa na Wajerumani, na leo limeandikwa juu ya malango yetu yote. Mlango wa pili ulikuwa wa Waingereza, na humo lilipita neno "skuli", ambalo Zanzibar hulitumia mpaka leo. Kwa hiyo mtoto wa Unguja aendaye skuli na mtoto wa Lugulu aendaye shule wanatamka neno moja, lililopita London kwa huyu na Ujerumani kwa yule.

Lugha za bara nazo zilijichukulia sehemu yao. Wakikuyu husema "cukuru", Waluo "skul". Wabukusu hawapendi konsonanti mbili zigusane namna hiyo, wakatia irabu katikati wakapata "sikuli". Nchini Rwanda ni "ishuri", mjukuu wa neno la Kijerumani. Waganda walikataa neno la kigeni wakaunda "essomero", mahali pa kusomea. Na upande wa mashariki wa Kongo utamsikia mzazi akisema kwamba mtoto amekwenda "masomo". Hayo yote ni majina ya kitu kimoja.

Lakini sasa yatupasa kutazama upande wa giza. Jina lilisafiri upesi. Nafasi yenyewe haikusafiri nalo. Hata kule Athens, mtu aliyekaa kivulini akijadili haki aliweza kukaa kwa sababu mtumwa alikuwa akilima shamba lake, na mkewe akifuma nguo nyumbani. Skhole ya mmoja ilinunuliwa kwa jasho la wengine, nao hao wengine hawakualikwa katika mazungumzo. Hili ni doa katika asili ya neno, wala si vema tulifiche.

Uingereza nayo iliona doa hilo. Viwanda vya nguo vilipoenea, watoto wadogo walifanya kazi humo tangu alfajiri mpaka usiku. Mwaka 1833 Bunge lilipitisha sheria iliyokataza watoto chini ya miaka 9 kuajiriwa katika viwanda vingi vya nguo, na ikaamuru kwamba wa miaka 9 mpaka 13 wasifanye kazi zaidi ya saa 9 kwa siku, na wapate saa 2 za kusoma. Saa 2 ni chache mno. Hata hivyo, ulikuwa mwanzo wa kukiri kwamba mtoto wa maskini naye anastahili wakati wake. Mwaka 1880 ndipo kusoma kulipofanywa lazima kwa watoto wa Uingereza na Wales wenye miaka 5 mpaka 10.

Turudi nyumbani. Mwaka 1902 wamisionari watatu wa Kimarekani wa jamii ya Marafiki walifika Kaimosi: Edgar Hole, Willis Hotchkiss na Arthur Chilson. Katika muongo uliofuata kazi yao ilifika Lugulu, kando ya njia iendayo Kitale kutoka Webuye. Misheni yao iliitwa kwa jina lenye maana ya misheni ya kazi za mikono, na kweli huko Kaimosi walijenga kiwanda cha kupasulia mbao. Wanafunzi wa kwanza wa nchi hii walijifunza herufi, na pamoja na herufi walijifunza randa, msumeno na jembe. Kujua kazi ya mikono ni fahari, wala sisemi neno baya juu yake. Lakini wazazi wengi wa Kiafrika waliona kwamba watoto wao walikuwa wakipewa msumeno mwingi na kitabu kichache. Tume ya Phelps-Stokes ilipozunguka Afrika ya Mashariki mwaka 1924, ilishauri kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe kwenye kilimo, ufundi na afya ya kijijini. Wengi waliusikia ushauri huo kama mlango unaofungwa taratibu mbele ya nyuso zao.

Na jirani na Lugulu, upande wa Kitale, mambo yalikuwa mazito zaidi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza mashamba makubwa ya Trans Nzoia yaligawiwa walowezi wa Kizungu. Wabukusu wengi walikwenda kuishi humo kama maskwota. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi kwa mwenye shamba siku zisizopungua 180 kila mwaka. Mtoto wa mtu huyo aliinuka asubuhi akakuta mahindi ya bwana yakimngoja. Palikuwa na askholia tele, skhole haba. Kwa kweli, neno "school" katika kinywa cha mtu wa zamani hizo lilikuwa jina la kitu kilicho upande wa pili wa ua.

Ua huo haukuanguka kwa siku moja. Uhuru ulipatikana mwaka 1963. Tangu Januari 1974 karo iliondolewa katika madarasa manne ya kwanza, na Januari 2003 ikaondolewa katika shule zote za msingi za serikali. Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 53, ikaandika kuwa kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Na asemaye kwamba nafasi hiyo ni ya watoto peke yao na akumbuke habari za mzee Kimani Maruge. Mwezi wa Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akaingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwendo usio mrefu kutoka kwetu. Alipokuwa kijana hakupata wakati wa kusoma. Alipoupata, hakuona haya kukaa kati ya watoto walioweza kuwa vitukuu vyake. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kutetea elimu ya bure mbele ya viongozi wa dunia, na mwaka 2009 alifariki. Maana ya skhole aliijua bila kufundishwa Kiyunani.

Yatosha historia, tutazame sasa matumizi, kwa sababu mwanafunzi wa lugha asiyejua matumizi ni kama mwenye shoka lisilo na mpini. Kwanza, usichanganye "school" hili na lile litumikalo kwa kundi la samaki. Hayo ni maneno mawili yaliyofanana kwa sura tu. La samaki lina asili ya Kiholanzi na maana yake ni kundi. Samaki hawakupata kusoma kwa Aristotle. Pili, neno hili lina watoto wengi: "scholar" ni mwanachuoni, na "scholarship" ni elimu ya mwanachuoni huyo, na pia ni fedha anazosaidiwa ili asome, yaani fedha za kumnunulia nafasi. Tatu, jihadhari na "public school". Uingereza hilo ni jina la shule za kulipia zilizo ghali, kama Eton iliyoanzishwa mwaka 1440; kwetu Kenya ni shule ya serikali.

Nne, na hili ndilo kubwa, chunga kijineno "the". Mwingereza akisema "My mother went to school", maana yake mama yangu alisoma, alikuwa mwanafunzi. Akisema "My mother went to the school", maana yake mama yangu alifika pale shuleni kwa haja fulani, labda kuonana na mwalimu au kulipa fedha, kisha akarudi kwake. Herufi tatu tu zinatenga wanawake wawili. Kila mwanzo wa muhula nawaona akina mama wakishuka kwenye matatu barabarani, mmoja amebeba sanduku la bati kichwani, mwingine ameshika godoro, na vidole vyao vimekauka kwa palizi ya mahindi. Wengi wao wamekuja "to the school" mara nyingi kuliko wanavyoweza kuhesabu. Baadhi yao hawakupata hata siku moja kwenda "to school".

Basi msomaji, kabla hujanung'unika tena juu ya kengele ya alfajiri, jiulize nafasi uliyokalia imetoka wapi. Saa zako za darasani ni saa ambazo shamba linapaliliwa na mtu mwingine, maji yanatekwa na mtu mwingine, na ng'ombe wanafuatwa na ndugu yako mdogo. Mtumwa wa Athens alilazimishwa kumnunulia bwana wake wakati. Mama yako amejilazimisha mwenyewe kwa mapenzi. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini deni ni lile lile, na deni la namna hii halilipwi kwa shukrani za mdomo.

Hulipwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kuutumia wakati huo kwa lile lililouzaa, yaani kuuliza na kuchunguza, hata jambo ambalo halitatokea katika mtihani. Mwanafunzi anayekariri majibu mwaka mzima bila kuuliza swali moja la kwake amepewa mapumziko akayageuza kibarua. Namna ya pili ni kuhakikisha kwamba utakapokuwa mtu mzima nafasi haiishii kwako. Yuko msichana anayekaa nyumbani kulea mtoto wa dada yake. Yuko mvulana anayesukuma mkokoteni sokoni Kitale saa hizi usomapo. Wao pia hulijua neno "school" na hulitamka vizuri. Kilichowapungukia ni pahali pa kuvutia pumzi, na yatupasa sisi tulioketi kusogea ili nao wapate pa kukaa.